Baba ana uraia pacha, mtoto kazaliwa Leicester: anapitia wapi?

Mjomba_Mbale: Wadau, salaam. Mpwa wangu alizaliwa Leicester, Uingereza, mwaka 1998. Baba yake, Mgisu wa hapa Mbale, alichukua uraia wa Uingereza 1994, akarudishiwa wa Uganda 2012. Cheti cha uraia pacha anacho. Je, kinamtosha kijana kupata pasipoti ya Uganda?

KaratasiKwanza: Hakitoshi, mjomba. Tatizo ni tarehe. Ibara ya 10(b) ya Katiba inaangalia siku ile mtoto alipozaliwa: je, mzazi alikuwa raia wa Uganda kwa kuzaliwa? Kabla ya marekebisho ya 2005, mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake aliupoteza wa Uganda. Mwaka 1998 shemeji yako alikuwa Mwingereza tu, na cheti cha 2012 hakithibitishi vinginevyo. Ila ibara hiyohiyo inasema mzazi *au* babu au bibi. Pitieni kwa babu.

Nabweru: Kwani Wagisu si wamo kwenye orodha ya Katiba ya makabila yaliyokuwepo Uganda 1926? Si yaishe hapo?

KaratasiKwanza: Hiyo ni 10(a), ya aliyezaliwa ndani ya Uganda. Wengi hukwama hapo hapo.

Mjomba_Mbale: Babu alifariki 2003, hakuwahi kuhama.

DadaWaFaili: Basi 1998 alikuwa hai na raia, mko pazuri. Msihangaike na NIN yake (namba ya kitambulisho cha taifa), usajili wa vitambulisho ulianza 2014. Tafuteni pasipoti yake ya zamani au cheti cha ubatizo, cheti cha kifo, na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kijijini kwake. Kisha cheti cha kuzaliwa cha baba kinachomtaja babu. Cha kijana kiwe kile kirefu. Kile kifupi cha Uingereza hakina majina ya wazazi, hakiunganishi kitu.

Kagueni tahajia kabla ya kupanga foleni. Huku "Mafabi", kule "Maffabi", faili linarudishwa. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, itaje tahajia zote mbili na kila cheti zilimoandikwa.

Anzeni Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, Kampala, suala la uraia pacha limalizike. Halafu NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, kwa kitambulisho. Wataulizia kabila na ukoo, kijana awe anaujua. Pasipoti mwisho, kwa sababu fomu yake inadai NIN.

Mjomba_Mbale: Asante dada. Mdogo wake kazaliwa 2014, naye apite kwa babu?

DadaWaFaili: Babu alikuwa keshafariki, msimtegemee. Huyo apite kwa baba: 2014 alikuwa tayari ameurudisha uraia. Kwake yeye, cheti cha 2012 ndicho cha kwanza kwenye faili.