Mrejesho: ule "mtende wa ndani" uliokuwa unanifia

Habari zenu wapendwa. Mwezi wa tatu niliuliza kuhusu mmea niliouziwa kama "mtende wa ndani": majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, lakini yalikuwa yanageuka manjano na mashina kulegea. Nawashukuru sana mlionisihi niutoe chunguni nitazame mizizi.

Niliutoa. Chini kulikuwa na viazi vitatu, kimoja kimeoza, kinanuka, ukikigusa kinabonyea. Nilikuwa namwagilia kila asubuhi, kumbe viazi vile ndivyo ghala lake la maji! Nikakata palipooza, nikauacha kivulini siku mbili ukauke, nikaupanda kwenye udongo wenye mchanga mwingi na kokoto. Sasa namwagilia udongo ukikauka kabisa, si kabla.

Kuhusu jina, ua limemaliza ubishi. Wiki iliyopita limechomoza karibu kabisa na udongo: kigunzi kidogo cha rangi ya krimu, kimekumbatiwa na kitu kama jani la kijani. Mtende hautoi ua la namna hiyo. Huyu ni jamaa wa magimbi, Zamioculcas zamiifolia, na asili yake ni huku huku kwetu, porini kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Nimefurahi mno kulijua hilo.

Vijani sita vilivyodondoka nilivichomeka mchangani. Baada ya miezi mitatu, vinne vina kiazi kama punje ya njegere. Wenye watoto wadogo, wekeni juu. Utomvu wake unawasha.