Kapteni Micombero na Burundi ya 1966: mapinduzi yalikuwa moja au mawili?

Mwl_Kasulu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Klabu ya historia ya kidato cha tatu huku Kasulu inaandaa ubao wa tarehe, manila nne zimeungwa, kuhusu jirani zetu Burundi kuanzia uhuru wa 1962 mpaka 1976. Tumekwama kwa Michel Micombero. Kitini cha kwanza kinasema alimpindua Mwami (mfalme) Mwambutsa. Cha pili kinasema alimpindua Ntare. Cha tatu kinasema huyo Ntare ndiye aliyempa uwaziri mkuu. Naomba mwenye mfuatano sahihi aniwekee, na anieleze kapteni wa miaka 26 aliwezaje kuwa rais bila vita. Halafu watoto watauliza tu: sisi wa Kigoma inatuhusu nini?

Mwalo_wa_Kibirizi

Mwalimu, vitini vyote vitatu vimeshika kipande cha kweli. Kosa ni kuyafanya mapinduzi mawili kuwa moja.

Anza na usiku wa tarehe 18 Oktoba 1965. Maofisa wa Kihutu, wengi wao wa jandameri (kile kikosi chenye silaha cha ulinzi wa ndani), walijaribu kuipindua serikali. Waziri Mkuu Léopold Biha alipigwa risasi akajeruhiwa vibaya. Jaribio lilizimwa, lakini Mwambutsa IV aliondoka nchini na akaishia Uswisi. Alibaki mwami kwa jina, huku ikulu haina mwenyewe.

Machi 1966 alimkabidhi mwanawe, Charles Ndizeye, madaraka maalumu. Tarehe 8 Julai 1966 kijana akatangaza kwamba baba yake si mwami tena. Hayo ni mapinduzi ya kwanza, na mbele aliyasimamia mwana wa mfalme, si mwanajeshi. Siku chache baadaye akamteua Kapteni Micombero kuwa Waziri Mkuu. Tarehe 1 Septemba akatawazwa kwa jina la Ntare V.

Tarehe 28 Novemba 1966 Ntare alikuwa Kinshasa kwenye sherehe za Rais Mobutu wa Kongo kutimiza mwaka mmoja madarakani. Micombero akaufuta ufalme, akatangaza jamhuri na yeye mwenyewe kuwa rais. Hayo ndiyo ya pili. Toka Julai ni siku 143, toka kutawazwa ni siku 88. Ntare alikuwa na miaka 18.

Bangwe_Juu

Nijazie hapo kwenye "aliwezaje", maana ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Wanadhani ni ushujaa wa mtu mmoja. Tazameni kwanza nani alikuwa ameshika nini.

Viongozi wa kiraia walikuwa wamekwisha kuporomoka. Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA aliyeshinda uchaguzi wa Septemba 1961, aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, kabla hata ya uhuru. Chama kikagawanyika. Toka uhuru mpaka Julai 1966 walipita mawaziri wakuu watano: Muhirwa, Ngendandumwe, Nyamoya, Bamina, Biha. Ngendandumwe alishika mara mbili, na mara ya pili aliuawa tarehe 15 Januari 1965, wiki moja tu baada ya kurudi. Mei 1965 Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 bungeni, lakini mwami akamteua Biha, ambaye ni wa ukoo wa kiganwa, yaani wa kifalme. Hasira iliyoibua Oktoba ilitoka hapo.

Sasa silaha. Burundi ilikuwa na mikono miwili, jeshi na jandameri. Jaribio la Oktoba liliposhindwa, mkuu wa jandameri Antoine Serukwavu alikimbia, na maofisa na wanasiasa wengi wa Kihutu wakauawa. Mkono mmoja ukavunjika. Uliobaki ulikuwa chini ya Micombero, aliyesomea uofisa Ubelgiji na ambaye tayari alikuwa na dhamana ya ulinzi serikalini. Mwaka 1967 jandameri ikaunganishwa kabisa na jeshi.

Kwa hiyo ifikapo Novemba 1966 mtu mmoja ana jeshi, ana baraza la mawaziri, na ana chama, maana siku chache kabla UPRONA ilikuwa imefanywa chama pekee. Ntare alibaki na taji, naye yuko safarini. Mtu wa kupigana naye hakuwepo.

Kuhusu miaka: alizaliwa 1940 Rutovu, mkoa wa Bururi. Hiyo Rutovu iandikeni kwa wino mwekundu, mtaihitaji mbele.

kalamu_Mwandiga

Nyongeza ndogo za kuepuka aibu siku ya maonyesho. Msimwandike "Jenerali Micombero" kwenye kadi ya 1966. Alikuwa kapteni, akapandishwa kanali baada ya kuwa rais, ujenerali ulikuja baadaye. Mji mkuu wa wakati huo uliitwa Usumbura mpaka uhuru, halafu Bujumbura, kwa hiyo kadi ya Rwagasore iandikwe Usumbura. Na kwenye ramani za zamani Gitega mtaikuta kama Kitega, ni mji uleule.

Mwl_Kasulu

Asanteni sana, sasa nimeona fundo lilipokuwa. Nawaza kuchora mistari mitatu ya kwenda sambamba: mwami, waziri mkuu, jeshi. Itafaa?

Bangwe_Juu

Itafaa kuliko mstari mmoja, Mwalimu. Mstari wa mwami uufanye wa nukta nukta toka Oktoba 1965 mpaka Julai 1966, maana mwami yupo ila hayupo. Ule wa waziri mkuu na ule wa jeshi vikutane Julai 1966 kwa Micombero. Mtoto akiviona vinakutana hatahitaji maelezo marefu. Kosa la kawaida ni kubana tarehe za 1966 kwenye nafasi ileile ya miaka mingine, zikaingiliana. Mwaka huo peke yake upeni manila nzima.

Ulyankulu_Tabora

Mwalimu, swali la mwisho hawajakujibu, nami naliona ndilo kubwa.

Mwishoni mwa Machi 1972 Ntare alirudi kupitia Uganda ya Idi Amin, akiwa ameahidiwa usalama wake. Alikamatwa na kuwekwa Gitega. Tarehe 29 Aprili 1972 Micombero alivunja serikali yake, na siku hiyohiyo uasi wa Wahutu ukalipuka kusini, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, mwambao uleule wa Ziwa Tanganyika unaoshuka mpaka Kigoma. Watutsi wengi waliuawa na waasi. Usiku huo Ntare naye akauawa. Kisha jeshi na vijana wa chama wakawageukia Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wanajeshi. Makadirio mengi ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Warundi wanauita mwaka ule Ikiza, yaani janga.

Waliovuka kuja Tanzania walipelekwa mbali na mpaka. Makazi ya Ulyankulu hapa Tabora yalifunguliwa 1972, Katumba 1973. Ulyankulu maji hayakutosha watu wote, kwa hiyo Mishamo ilipofunguliwa 1978 wengi walihamishiwa huko. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vya mpakani mkoani Kigoma, na wafanyakazi wa bandari za Kigoma na Dar es Salaam wakagoma kushika mizigo ya Burundi. Kwa nchi isiyo na bahari, inayotegemea reli ya kati na meli za Ziwa Tanganyika, hilo lilibana mpaka Micombero akakubali kulipa fidia. Waonyesheni watoto gati la Kigoma, waelewe kwa macho. Na mwambie yeyote atakayeandika "wakimbizi" kwenye kadi ya leo kwamba zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu wamepewa uraia wa Tanzania.

Sasa ile Rutovu. Tarehe 1 Novemba 1976, zikiwa zimebaki siku 27 atimize miaka kumi ya urais, Micombero alipinduliwa na Luteni Kanali Jean-Baptiste Bagaza, naye wa Rutovu. Bagaza akapinduliwa Septemba 1987 na Meja Pierre Buyoya, wa Rutovu pia, na wakati huo Bagaza alikuwa Quebec kwenye mkutano, kama Ntare alivyokuwa Kinshasa. Ubao wenu unaishia 1976, lakini kadi moja ndogo pembeni ya kuonyesha hilo itawasaidia. Micombero mwenyewe alikwenda Somalia, akafia Mogadishu Julai 1983, akiwa na miaka 42.