Naomba ushauri: wanajeshi wastaafu wanaojifunza kuzima moto wa msituni

Habari zenu wakuu. Huku Marekani naongoza kikosi cha wanajeshi wastaafu wanaojifunza kuzima moto wa msituni. Kwa nguvu sina wasiwasi nao: mtihani wa kutembea maili 3 na mzigo wa pauni 45 ndani ya dakika 45 walifaulu wote.

Shida ni utii. Kwenye moto, mtu akiona njia ya kukimbilia imezibwa, au hakuna aliyewekwa kuuangalia moto unakoelekea, ana haki ya kuikataa kazi na kueleza sababu. Hawa wananyamaza, wanachimba tu ule ukanda wa kuuzuia moto usisambae. Tena juzi mmoja alitetemeka helikopta ilipopita, nikamuuliza, akakana. Sitaki kumzika mtu.

Mliowahi kuongoza watu wa jeshi, mliwafanyaje wakasema? Na huyu nimwendee vipi bila kumvunjia heshima?