Nauziwa "Sokoke" kwa elfu thelathini. Nimchukue?

Mama Nyali: Waungwana, hamjambo. Kuna mtu hapa Mombasa aniuzia mtoto wa paka kwa shilingi 30,000, ati ni wa aina ya Sokoke halisi. Rangi yake ni kahawia yenye michirizi iliyopindana kama gome la mti, masikio makubwa, miguu mirefu. Ana wiki sita. Karatasi hana, na mamake sijaonyeshwa. Nilipompakata alijikunja kwenye kiganja akalala, na mwanangu ashampa jina. Nishaurini kabla sijatoa pesa.

Mkaa Gede: Dada, pesa zako zikae kwanza. Michirizi peke yake si ushahidi. Paka wa rangi hiyo wapo huku kwetu karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke tangu zamani, na Wagiriama twamwita kadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwakuta watoto wa paka hao shambani kwake upande wa Watamu, akawalea na kuwazalisha. Baadaye wengine walipelekwa Denmark, na FIFe, shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, likaitambua aina hiyo mwaka 1993. Kwa hivyo Sokoke wa kuuzwa bei hiyo lazima ukoo wake uwe umeandikwa, hadi mababu. Bila hivyo ni paka wetu wa Pwani, mzuri sana, lakini si wa 30,000.

Mswahili Kopenhagen: Nilikuwa naye mmoja huku, mwenye vyeti. Manyoya yao ni mafupi na yamelala mwilini, baridi hawaiwezi. Asubuhi za Januari nilikuwa nikimkuta ndani ya mkono wa koti langu, pua tu nje. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, basi hutembea kama anayenyata kwa vidole. Na anapanda! Mwekee kitu kirefu cha kukwea, la sivyo atakwea mapazia. Akikuzoea atakufuata chumba kwa chumba akizungumza nawe. Usimchukue kama nyumbani hakuna mtu kutwa nzima.

Daktari wa Wanyama: Mimi linaloniuma ni hizo wiki sita. Mtoto wa paka akae na mamake mpaka wiki 12 hivi. Hapo ndipo anajifunza kutong'ata ovyo na kuzoea watu. Chanjo za kwanza huanza wiki ya nane au tisa, hurudiwa baada ya wiki tatu au nne, na ya kichaa cha mbwa hufuata akifika wiki 12. Dawa ya minyoo usisahau. Chakula kiwe nyama au samaki, au chakula maalumu cha paka. Ugali na mchuzi haumtoshi, maana akikosa taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, moyo na macho huharibika. Na tafadhali sana, akiumwa usimpe panadoli. Nililetewa paka aliyepewa nusu kidonge tu, fizi zimegeuka rangi ya udongo, uso umevimba. Hatukumuokoa. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini nayo huua paka.

Mama Nyali: Nimerudi leo nikaomba kumwona mamake. Akaniambia yuko Malindi, kisha akasema amekufa. Nimeondoka. Mwanangu amelia njia nzima, nami roho imeniuma, maana yule mtoto hana kosa.

Mkaa Gede: Pole, dada. Mama mkwe ana paka mwenye watoto wanne, wana wiki tisa, wawili ni kadzonzo kabisa. Hauzi, ataka tu watu wa kuwatunza. Njoo Jumamosi na mwanao achague, mama mtamwona hapo hapo jikoni. Kumchukua ni mwisho wa mwezi. Siku hiyo uje na kikapu chenye mfuniko.