Mzee anaumwa figo, mbona daktari anahangaika na moyo?

Mtoto wa Igoma: Jamani habari, baba ana miaka 61, kavua dagaa ziwani toka ujana, majuzi kapimwa hapa Mwanza kipimo cha figo zinavyochuja damu (eGFR) kikasoma 42, sasa daktari anaulizia moyo na kampima hadi ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wakati mzee kifua hakimuumi kabisa. Hivi vinahusianaje?

Nesi Kirumba: Pole sana ndugu. Vinahusiana sana tu, wagonjwa wengi wa figo ugonjwa wa moyo ndo unawaua kabla hata ya kufika dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Ulizia kama wamepima albumini, yaani protini, kwenye mkojo, ikiwa juu hatari ya moyo inapanda hata kama mzee anajisikia mzima. Vikokotoo vingi vya zamani vya kukadiria hatari ya moyo vilikuwa haviangalii figo kabisa, ila kikokotoo kipya cha PREVENT cha Marekani cha 2023 inaingiza na hiyo namba ya figo.

Baba Juma: Mama yangu hivyohivyo, akaanzishiwa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na presha inafuatiliwa kila mwezi. Mzee apunguze chumvi, na diklofenaki za dukani, zile dawa za maumivu ya mgongo, aache kabisa, wavuvi wetu wanazimeza sana na zinaumiza figo!

Mtoto wa Igoma: Diklofenaki anameza kweli daah. Asanteni, Jumatatu namrudisha na hicho kipimo cha mkojo nakiulizia.