MJADALA: Mdudu wa pangoni lazima auawe ndipo ajulikane ni nani?

Mleta mada

Assalaam aleikum wadau. Ile picha iliyozunguka kwenye simu za watu, ya mdudu bapa mwenye mikono ya miiba na nyuzi mbili ndefu kuliko mwili wake, mukaandikiwa "nge mpya wa Mombasa, sumu yake haina dawa", niliipiga mimi. Maneno hayo si yangu. Pango liko ng'ambo ya feri, ndani ya mawe ya matumbawe, na jina lake silitaji. Sababu mutaiona.

Tuanze na uongo wa sumu. Huyu si nge, hana mkia wala mwiba wa kudungia. Si buibui vilevile: hafumi utando na hana sumu hata tone. Ni jamaa yao, wa oda (kundi la kisayansi) inayoitwa Amblypygi, na kwa kuwa hatuna jina lililozoeleka nitamwita buibui-mjeledi. Ana miguu minane lakini hutembelea sita. Ile jozi ya mbele imekuwa nyembamba kama uzi, nayo ndiyo macho yake gizani.

Nilimkuta ukutani, usawa wa kifua changu. Nikasogeza simu. Hakukimbia. Alinyoosha uzi mmoja polepole, ukagusa kidole changu kilichoshika simu, ukarudi, ukagusa tena, kama kipofu anayepapasa uso wa mgeni. Kisha akaondoka upandeupande, kaa mtupu, akajipenyeza kwenye ufa ambao hata sarafu ya shilingi ishirini ingekwama.

Sasa ugomvi. Kijana mmoja anayesomea wadudu aliiona picha akasema huenda ni spishi iitwayo *Damon diadema*, aliyeelezwa na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1876 na anayejulikana Kenya na Tanzania. Ila hawezi kuapa. Anataka wakamatwe wawili, dume na jike, watiwe kwenye spiriti na kupelekwa kwenye darubini. Mzee anayeliangalia pango akajibu kwa maneno manne: "Hapa hakitoki kitu hapa."

Mimi namuunga mkono kijana, nusu. Semeni nyinyi.

Wa Kisauni

Nusu ndiyo nini? Picha yako iko wazi, hata miiba yahesabika. Siku hizi watu wanaelezea spishi kwa picha tu. 2015 kulikuwa na nzi wa Afrika Kusini, *Marleyimyia xylocopae*, aliyepewa jina rasmi bila hata mmoja kuhifadhiwa. Kwa nini wetu afe?

Mleta mada

Na wataalamu waligombana juu ya nzi huyo mpaka leo wengine hawajameza. Atakayetilia shaka atakwenda kuangalia nini? Picha haigeuzwi tumbo juu.

Na kwa huyu wetu, hapo tumboni ndipo penye shughuli. Mjerumani Peter Weygoldt alipoipanga upya jenasi ya *Damon*, yaani kundi la spishi za karibu, mwaka 1999, hakutegemea rangi. Aliangalia mpangilio wa miiba ya mikono, vinyweleo vya hisia miguuni, na viungo vya uzazi vya jike ambavyo hukaa chini ya kifuniko tumboni. Lipi kati ya hayo laonekana kwenye simu yangu? Miiba, basi, tena ya mkono mmoja. Halafu mtoto hafanani na mkubwa: mikono huzidi kurefuka kila anapojivua gamba, na hawa huendelea kujivua hata wakishakuwa watu wazima. Unaweza kuona wawili, mfupi wa mikono na mrefu wa mikono, ukatangaza spishi mbili kumbe ni mtu na mwanawe. Wauzaji wa wadudu wa kufuga Ulaya na Marekani wamemuuza *Damon diadema* kwa jina la *Damon variegatus*, na hao walikuwa naye mkononi!

Fundi wa timbo

Wakuu, sisi tunaokata mawe tunawaona hao kila tukifungua ufa. Tunawaponda kwa koleo. Leo ndiyo nasikia hawana sumu. Nyinyi mwabishania wawili na timbo lamaliza mia.

Mjukuu wa mzee

Huyo mzee asemwaye ni babu yangu, mzaa mama. Kwanza ahsante kwa kutotaja mahali.

Watu wanaingia mle na marashi ya waridi na ubani, wanafunga vitambaa, wanaomba watoto, wanaomba mvua. Mtu haingii mahali kama hapo akatoka na kitu kwenye chupa. Mwauita ushirikina, lakini popo wamebaki, na huyo mdudu wenu amebaki, kwa sababu ya mwiko huo huo. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 kwa kuwa wazee walikataza watu kukata. Hawakuwa na darubini.

Na nauliza: hao wawili wakishatoka, wanakaa wapi? Au ndiyo tutaambiwa twende Ulaya tukawaone?

Mleta mada

Hapo umenigusa, na ndipo penye ile nusu yangu. Kuchukua bila kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na bila KWS, shirika la wanyamapori, kujua, sikubali, hata kama ni mwanafunzi mwenye nia njema. Na kielelezo, yaani mdudu aliyehifadhiwa, kikichukuliwa kikae Nairobi, makumbusho ya taifa, si kwenye droo ya mgeni. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zadai spishi mpya iwe na kielelezo cha kubeba jina, na kama kimehifadhiwa itajwe ni wapi. Hazisemi lazima kiwe ng'ambo.

Jina la pango nalificha kwa ajili ya wanunuzi. Wadudu hawa huuzwa hai mitandaoni. Tanzania ilizuia kusafirisha wanyama hai nje 2016, kwa hiyo msidhani hakuna mnunuzi anayetazama upande wetu.

Wa Kisauni

Lakini wewe hujasema kama ni spishi mpya.

Anayesomea wadudu

Mimi ndiye kijana. Sikusema mpya, hilo waliongeza wengine. Watu wakisikia "pango" wanadhani kila kilichomo kimezaliwa na giza. Mnyama wa giza tupu mara nyingi huwa amepauka na macho yamepungua au hayapo. Huyu kwenye picha ana rangi na macho yake yapo. Anakaa pangoni kwa sababu pana unyevu, mende na nyenje. Hao hao wanapatikana nje chini ya magome ya miti. Kwa hiyo swali langu lilikuwa dogo: ni *diadema* au si *diadema*? Nakiri nilikimbilia spiriti kwa mazoea ya maabara. Kwa swali hilo peke yake huenda gamba alilojivua lingetosha. Miiba ipo, pingili zipo, vinyweleo vingi huonekana vilipokuwa. Tukikuta hafanani na yeyote, hapo ndipo tutarudi kwa mzee kuzungumza upya.

Mjukuu wa mzee

Gamba ni kitu kilichotupwa. Nimemuuliza babu sasa hivi. Alinyamaza kidogo, akasema alichotupa mwenyewe si cha pango tena, lakini anayeingia kuokota awe mimi na si mgeni, na aingie miguu mitupu.

Fundi wa timbo

Mimi nnalo moja tayari, lilikuwa kwenye ufa wa jana. Limekamilika, uzi mmoja tu umekatika. Nimeliweka kwenye kikopo cha dawa ya kikohozi. Laletwa wapi?

Anayesomea wadudu

Usilifunge na unyevu, litaota ukungu. Tia pamba kavu, na uandike kwenye karatasi siku na timbo gani. Hilo la pangoni nalo likipatikana liwekwe kikopo chake, msiyachanganye. Nipo Kilindini mpaka Ijumaa.