Mjadala: Munganga wa neva asomee Lubumbashi, ao akae Kinshasa miaka yote?

Mtu wa Kasapa

Naweka swali moja mezani. Munganga amemaliza udaktari wa jumla hapa Lubumbashi, anataka kuwa mtaalamu wa ubongo na neva. Sehemu kubwa ya mafunzo yake ifanyike katika hospitali za hapa, ao apande ndege mpaka Kinshasa, kwenye CNPP (kituo cha chuo kikuu cha magonjwa ya neva na akili) ya pale Mont-Amba, akae huko mpaka mwisho?

Mimi nasema miaka 3 kati ya 5 ifanyike hapa. Mwaka 1 wa tiba ya ndani: moyo, figo, kisukari, presha, sida (ukimwi). Miaka 2 ya neurolojia kando ya kitanda, hapa hapa. Mwaka 1 Kinshasa. Mwaka wa mwisho nusu iende kwenye mashine za kupima umeme wa ubongo na wa neva, Dakar ao Rabat, na nusu iliyobaki iwe ya memwari (andiko la kumalizia masomo). Anayeona miaka 5 ni mingi, Wafaransa wana 4, na Wamarekani vilevile 4, wa kwanza ukiwa wa tiba ya ndani. Lakini wenzetu hao wana kila mashine ndani ya jengo moja. Na anayesema tusubiri kwanza walimu watoshe, avuke Kasumbalesa akatazame: Lusaka walianza kufundisha neurolojia mwaka 2018, na walitegemea pia walimu wageni.

Mukubwa wa Mawimbi

Ndugu wa Kasapa, EEG (kile kipimo cha umeme wa ubongo) umeificha kwenye nusu ya mwaka wa mwisho, na hapo ndipo wagonjwa wataumia. Kusoma EEG hakuingii kichwani kwa miezi sita.

Chukua kazi yenyewe. Elektrodi 21 zinapimwa kwa utepe kufuata mfumo wa 10-20, yaani nafasi za asilimia 10 na 20 za kipimo cha kichwa. Ngozi inasuguliwa mpaka ukinzani ushuke chini ya kilo-omu 5. Unarekodi dakika 20 kwa uchache, na ndani yake mgonjwa anapumua kwa nguvu dakika 3, halafu anamulikwa taa ya kuwaka-kuzima. Asistanti (munganga anayesomea utaalamu) mwenye haraka anaruka kusugua ngozi. Anapata umeme wa ukutani wa hezi 50 umefunika kila kitu, juu yake kelele za misuli ya taya, basi anashusha kichujio mpaka hezi 15 ili picha ionekane safi. Safi ya bure: kelele za misuli sasa zinafanana na miiba ya kifafa, na miiba ya kweli imelainika.

Kosa linaloniogopesha si kukosa kuona kifafa. Ni kukiona mahali hakipo. Kupepesa macho kunasomwa kuwa ugonjwa wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mshipa unaopiga chini ya elektrodi unasomwa kuwa mawimbi ya polepole. Usingizi mwepesi unaitwa miiba. Mtu aliyezimia kwa kusimama muda mrefu kwenye misa anarudi nyumbani na vidonge vya miaka. Upande wa pili kuna kijana anayeshtuka mikono asubuhi mpaka kikombe kinaanguka. Msomaji dhaifu hakuona kwamba mawimbi yanatoka pande zote mbili kwa pamoja, akaandika karbamazepini, dawa ya kifafa cha aina nyingine. Kushtuka kunazidi, dozi inapandishwa, kunazidi tena. Dawa ndiyo inayochochea aina hiyo ya kifafa.

Ninataka EEG 500 zilizosomwa na mwalimu ubavuni kabla mtu hajasaini peke yake. Kuhusu kupima neva, neno moja tu: mkono uwe na joto la nyuzi 32 ao zaidi, maana kila nyuzi moja ikipungua, mwendo wa neva unashuka karibu mita 2 kwa sekunde. Asubuhi ya mwezi wa sita hapa kwetu, mkono wa mtu aliyetoka Katuba kwa miguu ni barafu. Ukipima bila kuupasha moto, utaandika ugonjwa wa neva kwa mtu asiyeumwa kitu.

Mama Bintu

Mukubwa, hayo yote ni kweli. Lakini mgonjwa wa saa nane usiku haji na EEG. Anakuja akitetemeka.

Degedege la mtu mzima likipita dakika 5, si la kungojea. Diazepamu miligramu 10 mshipani, polepole. Dakika 5 zikipita bila kutulia, rudia, mara moja tu. Baada ya hapo ni fenobarbitali, dawa ya kifafa, miligramu 15 mpaka 20 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji 900 mpaka 1,200, isiyozidi miligramu 100 kwa dakika, na kifaa cha kupulizia hewa kiwe mkononi, si kabatini. Kinachofanyika mara nyingi ni nini? Ampuli moja ya miligramu 200, kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye trei, kisha diazepamu ya tatu, ya nne, ya tano. Mgonjwa anaacha kutetemeka kwa sababu ameacha kupumua. Kosa hilo linasahihishwa na mwalimu aliye wodini saa hiyo, na wodi zetu zimejaa wagonjwa.

Kutoa maji ya mgongo ni vilevile. Mstari wa mifupa ya nyonga, nafasi ya L3-L4 ao L4-L5 (katikati ya pingili za kiuno), sindano yenye kijiti ndani, mgonjwa amelala ubavu. Asistanti wengi wanajua kutoboa. Kupima shinikizo hawajui, wanasema hatuna manometa, kipimo cha shinikizo. Mrija wa seramu ulio safi na rula vinatosha! Mwenye sida na kriptokoka (kuvu inayoshambulia ubongo), maji yakipanda juu ya sentimita 25, unatoa mpaka yashuke chini ya 20 ao yapungue nusu, na unarudia kila siku kichwa kikiendelea kumuuma. Ukisahau hilo atapofuka, hata ukimpa dawa zote. Na maji yasilale dirishani kungoja mtu wa maabara arudi kula: chembe nyeupe zinapasuka, na vimelea vya malale (ugonjwa wa usingizi) vinakufa ndani ya dakika chache, unaandikiwa «hakuna kitu». Maji yakichanganyika damu ya sindano, ondoa chembe nyeupe 1 kwa kila nyekundu 500 mpaka 1,000, ndipo useme kuna homa ya uti wa mgongo ao hakuna.

Miaka 2 ya hivyo, Lubumbashi inatosha na kubaki.

Kijana wa Katuba

Bamukubwa, miye nauliza tu. Kama mwalimu wa EEG iko Kinshasa, asistanti iko huku, haiwezekani kutuma ile EEG na simu? Ao intaneti ya huku haitaweza?

Mtoto wa Kenya (komini, si nchi)

Inawezekana, yaya, na hesabu yake ni nyepesi. Mikondo 21, sampuli 256 kwa sekunde, baiti 2 kwa kila sampuli, sekunde 1,200: karibu megabaiti 13. Ni video fupi ya harusi. Skana ndiyo nzito, maana kila kipande ni karibu nusu megabaiti, vipande 200 ni megabaiti 100; hiyo utaituma usiku.

Sharti ni utume faili ghafi, si picha ya skrini. Mwalimu lazima aweze kubadilisha mpangilio wa elektrodi na vichujio, la sivyo anasoma macho yako wewe, si ubongo wa mgonjwa. Skana pia: filamu ikipigwa picha dirishani na kutumwa WhatsApp kama picha inabanwa, na dalili za mapema za kiharusi, ule mpaka wa kijivu na nyeupe unaofifia, zinapotea kabisa. Itume kama hati. Na ufute jina la mgonjwa kabla. Hilo watu wanalichukulia kama mzaha.

Mukubwa wa Mawimbi

Kusoma kwa mbali nakubali. Kusimika elektrodi kwa mbali, hapana. Mwalimu wa Kinshasa hatasugua ngozi ya mtu wa Lubumbashi.

Mtu wa Kasapa

Basi tunahitaji fundi mmoja mzuri wa EEG hapa, si profesa mmoja zaidi. Huyo anaweza kupelekwa kujifunza miezi michache, na gharama yake haifiki ya munganga. Mbona hakuna anayemwandika kwenye mpango?

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, mmeruka jambo moja. Kwa miaka mingi tulirithi kutoka kwa Wabelgiji neno «neuropsychiatre», mtu mmoja wa neva na wa akili. Majengo yamebaki na jina hilo mpaka leo: hapa Lubumbashi Joseph Guislain, Goma Tulizo Letu, yote ya Mabruda wa Upendo. Kazi wanayofanya naiheshimu. Lakini mwanafunzi wa neurolojia anakaa huko muda gani? Napendekeza miezi 4, si chini. Nusu ya sababu ni kifafa chenyewe, kwa sababu familia nyingi huko ndiko zinakompeleka mgonjwa wao. Nusu nyingine ni mishtuko isiyo ya kifafa: macho yamefumbwa kwa nguvu, kichwa kinakwenda kushoto na kulia, inachukua dakika 20, inapungua na kurudi. Asiyewahi kuiona atajaza mtu fenobarbitali mpaka kwenye mashine ya kupumulia.

Zaidi ya miezi 4 sitaki, maana anaanza kupoteza nyundo yake ya kupimia neva. Na kabla hajatoka mwaka wa kwanza wa neurolojia aweze kutazama ndani ya jicho kwa oftalmoskopu na kuona neva iliyovimba. Mahali ambapo skana inalipiwa na familia kabla ya kupigwa, jicho linaweza kukuambia nani asitobolewe mgongo leo. Wengi wanaibeba oftalmoskopu mfukoni kama kalamu.

Dokta wa Bel-Air

Mimi niko upande wa Kinshasa, na sababu yangu si mashine. Ni magonjwa. Konzo: miguu inakakamaa ghafla, ndani ya juma moja, pande zote mbili sawa, kisha haiendelei tena. Inatokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, pamoja na upungufu wa protini. Mtu aliyeiona Kahemba, Kwango, haisahau. Aliyeisoma tu ataiita kifua kikuu cha uti wa mgongo na kumpa mtoto dawa za miezi. Malale vilevile: nchi yetu ndiyo yenye sehemu kubwa ya wagonjwa wa gambiense (aina ya malale ya huku kwetu) duniani, na tangu feksinidazole, dawa ya vidonge vya siku 10, ilipokuja, munganga lazima ajue nani anaweza kuitumia na nani, mwenye chembe nyeupe 100 ao zaidi kwenye maji ya mgongo, apelekwe kwenye eflornithini ya mshipani pamoja na nifurtimoksi.

Mama Bintu

Nani amesema asiende Kinshasa? Mwaka mzima uko kwenye mpango, Dokta. Ila na sisi tuna ya kwetu. Kisenge, kule Lualaba, kuna madini ya manganizi. Vumbi lake likivutwa miaka linaleta kutembea kama jogoo, kwa ncha za vidole, mtu anaanguka kinyumenyume, na levodopa, dawa ya Parkinson, haimsaidii sana. Asistanti wa Kinshasa ataita ni Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa), ataongeza vidonge. Anayesomea Katanga atauliza kwanza: «Unafanya kazi gani?»

Halafu kiharusi. Nyie wote mnazungumza alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, miligramu 0.9 kwa kilo, isizidi 90, asilimia 10 kwa dakika ya kwanza na iliyobaki kwa saa moja, ndani ya saa 4 na nusu. Sawa, ajifunze. Lakini wagonjwa wetu wanafika siku ya pili. Kinachowaua ni nifedipini, dawa ya presha, chini ya ulimi ili presha «ishuke haraka», wakati kwa asiyepewa alteplase hatuigusi kabla haijapita 220 kwa 120, isipokuwa moyo ao figo vinadai. Ni uji unaoingia mapafuni kwa sababu hakuna aliyempima kumeza kwa kijiko cha maji. Ni aspirini kabla ya skana, na ndani ni damu.

Dokta wa Bel-Air

Nimekubali mwaka mmoja. Ila uwe wa tatu, si wa nne. Akirudi na miaka miwili mbele yake atafundisha wadogo zake. Akirudi mwishoni, anarudi kuandika memwari.

Mtoto wa Kenya

Tumalize hesabu ya Mukubwa, kwa sababu ndiyo itakayoamua. Tuseme kituo kinafanya EEG 4 kwa siku, siku 5, majuma 44. Hiyo ni 880 kwa mwaka. Asistanti 2 wakigawana, kila mmoja ana 440, na 500 zinafika mwezi wa kumi na nne. Wakiwa 6, kila mmoja anapata chini ya 150, na miaka 2 ya hapa inaisha akiwa na 290 na kitu. Kwa hiyo kinachobishaniwa si Lubumbashi ao Kinshasa. Ni watu wangapi wanaingizwa kila mwaka, na kitivo kinapenda kuingiza wengi kwa sababu ya ada.

Mukubwa wa Mawimbi

Wawili kila mwaka wa pili. Na karneti (daftari la mazoezi ya asistanti) isainiwe na aliyekuwepo, siku ile ile, namba ya faili ikiandikwa. Si mwisho wa mwaka kurasa arobaini kwa kalamu moja.

Mtu wa Kasapa

Wawili kila mwaka wa pili, miaka 10 inatupa watu 10 kwa Katanga nzima, Kolwezi, Likasi na Kalemie ndani yake. Nani atakubali kuwaambia watu wa Kalemie hivyo? Mimi nasema 3 kila mwaka, na 300 badala ya 500, mradi 100 ziwe za watoto.

Mukubwa wa Mawimbi

Mia tatu sisaini. Nileteeni daftari la EEG la mwaka uliopita, la kila kituo hapa mjini, tuone kwanza zinafanyika ngapi kweli.